Mama Mwenye Nyumba na Mgeni Wake

Kwa Mama Mwenye Nyumba hukuruhusiwa kupita uani na khanga kifuani na mswaki mdomoni kama mumeo yupo. Kama hayupo, pita upendavyo. Akikuona umejifunga hivyo, na mwenzako amekaa pale kibarazani anakunywa chai, atakuita jikoni kwake taratibu, bila kukuaibisha, halafu atakuuliza, "Yule kaka pale ni nani yako?" Utajibu kwamba ni mume wako. "Aha," atasema, "mimi nilidhani ni mjomba wako." Kisha ataendelea kuchambua mchele wake.

Mimi aliniuliza hivyo wiki ile ile tuliyohamia, na nilikasirika hadi nikashindwa kula. Mimi ni mtu wa maneno, na kuonewa sikubali. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina cheti changu, nina ndoa yangu mbichi ya kanisani, halafu mama mmoja mfupi mwenye mwanya aniambie nivae nini mbele ya mume wangu! Nikamwambia mume wangu tuhame. Akaniuliza tuhamie wapi na mvua hizi. Tukabaki, na tukakaa miaka.

Nyumba ilikuwa Mirongo, karibu na mto ule unaonuka wakati wa kiangazi. Mbele ilikuwa nyumba kubwa ya wenyewe, nyuma ua wa saruji, na kuuzunguka ua vyumba vya sisi wapangaji. Ilikuwa miaka ile mitumba imeenea mji mzima na kila mwenye mshahara ameanza kuuza kitu pembeni, nyanya, barafu, mafuta ya taa, chochote. Mama Mwenye Nyumba alisema vyumba vyake vinamtosha, hataki kukaa sokoni kuchomwa jua.

Uzuri wake sitausifu kwa uongo. Alikuwa mnene wa kiasi, ana sauti nzito, na alipotembea alikanyaga chini kwa nguvu kama anayehakikisha sakafu ipo. Wajukuu alikuwa nao tayari. Lakini nilikuwa nikimwangalia akikatiza ua, mimi wa miaka ishirini na kitu, najisikia kizee. Alikuwa mtu anayejua kwamba kuna mahali anatamaniwa, na hilo huwezi kulificha hata ukivaa gunia.

Mumewe tulimwita Mzee wa Meli. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo, inakwenda Bukoba, safari nyingine inapitiliza hadi Kisumu. Anaondoka, anakaa huko, anarudi, analala nyumbani kidogo, anaondoka tena. Ndivyo walivyoishi tangu ujana wao. Sisi wanawake wa pale uani tulimhurumia mkewe tukidhani ni mpweke, mpaka siku moja mmoja wetu akamwambia pole kwa kukaa bila mume. Mama Mwenye Nyumba akamtazama.

"Pole ya nini? Wa kwangu huja. Wa kwenu wapo tu."

Na siku ya kuja kwake, jamani, nyumba nzima ilijua. Majiko yetu yalihamishwa upande wa pili moshi usiingie sebuleni. Watoto walifukuzwa wakacheze kwenye mawe. Yeye alichemsha maji na majani ya mchaichai, akaoga, akajipaka mafuta, akavaa gauni lililopigwa pasi, akakaa ndani mlango umerudishiwa. Mzee akifika na mkungu wake wa ndizi na senene, wale panzi wa kukaanga, waliofungwa kwenye jani, alibisha hodi mlango wa mbele. Mlango wake mwenyewe! Mke anafungua, anapokea mzigo, anasema, "Karibu mgeni." Mume anasema, "Nimekaribia." Basi. Hakuna kukumbatiana, hakuna nini. Anatangulia mbele, mzee anafuata nyuma, na sisi tunaobaki uani tunaanza kutafuta sababu ya kugombana na waume zetu.

Kuna mama mmoja mlokole aliyepanga chumba cha kwanza aliona hilo ni aibu kwa mtu mwenye wajukuu, na alimwambia usoni. Akajibiwa, "Nisipomtamani mume wangu nimtamani wa nani? Wa kwako?" Yule mama alinuna wiki nzima, ila nilimwona naye Jumamosi iliyofuata ananyoosha gauni.

Msidhani alikuwa mtu wa mapenzi ya kwenye redio. Nyimbo hizo alizizima, anasema zinampigia kelele. Binti mmoja mpangaji alimkuta na mchumba wake getini wameshikana viuno, alimzaba kibao kwanza ndipo akamsalimia. Kanisani alikaa na akina mama, kitambaa kichwani, na akiombwa kuomba aliomba kwa ufupi. Na kiburi alikuwa nacho. Kuomba radhi hakujua. Akikukosea atakuletea bakuli la dagaa, na ole wako uulize la nini.

Wakati huo kicheni pati zilikuwa zimeingia mjini, na kila bibi harusi alitaka mama wa kumfunda mbele ya wageni. Alialikwa mara kadhaa. Wenzake wakisimama wanafundisha mambo ya kiuno, watu wanapiga vigelegele. Yeye aliposimama alisema neno moja: "Usimzoee." Akakaa. Siku moja nilimfuata nikamwambia, Mama, hao mabinti hawakuelewa, fafanua. Akasema, "Utampikia, utamfulia, utamzalia, utamzika. Yote hayo fanya. Ila usifike mahali ukamwona kama unavyoona mlango wa choo." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Halafu wakampunguza mzee kazini.

Walipunguzwa wengi, nyinyi mnaokumbuka miaka ile mnajua. Mashirika yalikuwa yanaambiwa yajitegemee, na njia ya kujitegemea ilikuwa kuwarudisha watu wazima nyumbani. Mzee wa Meli alirudi na begi lake, akabisha hodi kama kawaida, akakaribishwa kama kawaida. Tofauti ni kwamba safari hii hakuondoka.

Mwezi wa kwanza ulikuwa kama likizo. Mwezi wa pili akahamishia kigoda mlangoni mwa jikoni. Asubuhi yupo, mchana yupo, jioni yupo, na bukta na singlendi iliyotoboka kwapani, redio sikioni, anasikiliza habari za nchi za watu. Anauliza kuna nini leo. Anauliza kwa nini sufuria lile limewekwa pale. Ndevu zikaota nyeupe, akaziacha. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli, alikuwa mpole na alitusaidia kutengeneza majiko. Ila alikuwa yupo. Na nikaanza kumwona Mama Mwenye Nyumba akikatiza ua na khanga kifuani na mswaki mdomoni, na mzee amekaa pale pale, wala hainui macho.

Mara ya kwanza kumwona hivyo sikuthubutu kumuuliza kama yule ni mjomba wake. Nilitamani kulia.

Aliniambia mwenyewe. Tulikuwa tunaanua nguo, mzee amelala ndani, akaanza tu kuzungumza bila kunitazama.

"Jana amenikuta bafuni nanyoa kwapa. Akaniuliza chumvi iko wapi."

Nikashusha kapu la nguo.

"Zamani angeshika mlango asijue aingie au atoke. Jana ameuliza chumvi. Na mimi nikamwonyesha, nikasema iko juu ya kabati. Unanielewa, mwalimu? Hata mimi sikushtuka."

Nikamwambia labda ni umri, Mama. Wote tutafika huko.

"Umri wangu naujua. Miezi michache iliyopita nilikuwa na umri huu huu." Akakunja shuka, akalishika kifuani. "Siogopi kwamba atatafuta mwanamke mwingine. Akimtafuta nitajua la kufanya. Naogopa hatatafuta mtu yeyote. Hata mimi. Tutakaa tu humu ndani, kaka na dada, mpaka mmoja atangulie."

Nilimpenda sana siku ile, na nilimwogopa, kwa sababu nilijua mtu kama yule haishii kwenye kulalamika.

Chumba cha pembeni, kile cha mwisho kabisa kule uani, kilikuwa kimeachwa wazi na mpangaji aliyehamia Misungwi. Sisi tulidhani atatafuta mwingine. Badala yake akaleta chokaa, akakipaka, akanunua pazia, akaweka kitanda na kioo kidogo ukutani. Mchana mmoja, sisi tukiwa tunafua, akaanza kubeba sanduku la mume wake kutoka nyumba kubwa akilipeleka huko.

Mzee akainuka kwenye kigoda.

"Mama, hilo sanduku linakwenda wapi?"

"Chumbani kwako. Na usiniite mama, mama yako tulimzika."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa unanifukuza kwenye nyumba niliyojenga mimi?"

"Tumejenga. Ndiyo maana sikufukuzi, nakuhamisha. Utakuwa na mlango wako. Ukinitaka utakuja. Nikikutaka nitakuja. Asiyetaka asije, na hakuna kuitana." Akaweka sanduku chini kidogo apumue. "Na kodi yako ni kuoga na kunyoa."

Hakuna aliyecheka. Mzee alisimama katikati ya ua na singlendi yake, wapangaji wote tunamwangalia, povu linatukauka mikononi. Ukimdhalilisha mwanamume mbele ya watu, hata kama una sababu, lazima ulipe. Hilo niliwaza pale pale. Mzee akaingia chumba cha pembeni, tukadhani amekubali, kumbe ameingia kuchukua begi lililokwisha kutangulia huko. Akavaa shati, akatoka, akapanda kivuko, akaenda zake Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kwa kaka yake.

Hapo ndipo mji ulipopata la kusema. Eti amepata bwana tajiri wa minofu ya sangara. Eti mzee ameishiwa, ametupwa. Lisemwalo lipo, walisema, na hata waliokula kwake walilisema. Mtoto wake wa kike alikuja akalia sebuleni hadi macho yakavimba. "Mama, unatuaibisha. Watu wanasema mmeachana." Akamjibu, "Waambie tunachumbiana." Mtoto akazidi kulia.

Kaka mtu akaja kutoka Kamanga pamoja na mzee wa kanisa na balozi wetu wa nyumba kumi. Na walikuja na mbuzi! Walidhani ndugu yao amefanya kosa kubwa lisilotajika, ndiyo maana mke anamfichia aibu kwa kusema hana kosa, basi wakaona walete mbuzi wa kuombea msamaha. Niliitwa nikae kama shahidi, maana mwalimu anaaminika. Kaka mtu alizungumza kwa heshima, akazunguka sana, akaomba kosa litajwe ili liishe.

"Shemeji, hakuna kosa," alisema Mama Mwenye Nyumba.

"Basi mbuzi huyu ni wa nini?"

"Hilo ningekuuliza wewe."

Mzee wa kanisa akaingilia, akasema walioungwa na Mungu wasitenganishwe na mwanadamu, wala na ukuta. Akajibiwa kwa adabu kwamba ukuta huo una mlango, na mlango hauna kufuli. Ndipo kaka mtu akapoteza uvumilivu.

"Shemeji, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu yangu atakuwa mgeni kwako mpaka lini?"

"Jembe unalo wewe huko Kamanga, shemeji. Mpe. Mimi nataka mgeni."

Balozi alikohoa kuficha kicheko. Mwishowe mbuzi alichinjwa, maana kumrudisha mbuzi wa suluhu ni mkosi, tukala, wakaondoka hawajaelewa. Nilipokuwa naosha vyombo nilimkuta Mama Mwenye Nyumba jikoni ameegemea ukuta. Alikuwa ametegemea kwamba mzee atakuja nao.

Miezi ikapita. Mvua zikanyesha, zikakatika. Alikuwa anafagia chumba cha pembeni kila asubuhi na kukung'uta shuka lisilolaliwa. Alikonda. Mara mbili nilimwambia, tena kwa ukali, kwamba kivuko kinakwenda Kamanga kutwa nzima, apande akamchukue mumewe, kiburi hakipikwi kikaliwa.

"Nikimfuata, atakuja kwa sababu nimemfuata," alisema. "Atanionea huruma. Huruma sijapungukiwa."

"Na asipokuja?"

Alichokonoa mkaa. "Basi nitakuwa nimeua ndoa yangu mwenyewe kwa mikono yangu. Unadhani silijui hilo?"

Mzee alikuja siku ambayo hakuna aliyemtegemea. Mimi nilikuwa nasuuza nguo. Akaingia kwa geti la nyuma, amekonda na yeye, amechomwa jua, akatusalimia mmoja mmoja. Akaingia chumba cha pembeni kama mtu anayekijua. Baadaye akatoa kichwa dirishani.

"Mwalimu, una wembe?"

Nikakimbia kuuleta. Nilikimbia kweli, nikajikwaa kwenye ndoo. Akanyoa pale kwenye kioo kidogo, akaoga, akavaa shati jeupe lililokuwa limekunjwa kwenye sanduku muda wote ule. Akakatiza ua. Sisi sote tukajifanya tunafua, lakini hakuna aliyekuwa anafua. Akasimama mlango wa jikoni wa nyumba kubwa.

"Hodi."

Na tulijua yumo.

"Hodi tena."

"Nani?" Sauti ilitoka ndani.

"Mpita njia."

"Anatafuta nini?"

"Amesikia hapa kuna chakula."

"Hakijaiva. Asubiri."

Akasubiri juani, amesimama, anajipangusa jasho la shingo kwa kitambaa, na ndani tukasikia maji yanamiminwa na kabati linafunguliwa na kufungwa. Alikuwa anatabasamu peke yake, yule mzee, kama kijana aliyetumiwa barua na mchumba. Mlango ulipofunguliwa sikuangalia. Mambo mengine ni ya wenyewe.

Toka hapo waliishi hivyo. Mzee alipata kazi ya kutengeneza injini za mitumbwi kule mwaloni, kwenye soko la samaki, kwa hiyo mchana akawa na mahali pa kutoka, na jioni akarudi kwake, chumba cha pembeni. Siku nyingine anakatiza ua, siku nyingine mama ndiye anayekatiza, akipita katikati yetu kichwa juu na bakuli limefunikwa. Siku nyingine hakuna anayekatiza, na kesho yake mama anakuwa mkali hadi kwa kuku. Alikuwa anangoja kila siku, na kila siku alikuwa hajui. Nilimuuliza kama haichoshi. Akasema inachosha sana. Mzee alipopata malaria kali, mama alihamia huko chumbani kwake, akamlisha, akamfuta, akalala chini kwenye mkeka mpaka homa ilipoisha. Alipopona, akakunja mkeka wake akarudi nyumba kubwa.

Kuna kijana mfanyabiashara wa mitumba alipanga kwa muda, wala hakuna aliyemweleza habari za pale. Yeye alijua mzee ni mpangaji mwenzake. Jioni moja akamwona anajitengeneza, ameshika karanga kwenye kipande cha gazeti, ananyemelea nyumba kubwa. Akamvuta pembeni. "Mzee, shikamoo. Samahani, mimi ni kama mwanao. Hebu acha haya mambo. Nasikia huyu mama ni mke wa mtu."

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Hata mimi nasikia hivyo," akasema. "Ndiyo maana naogopa." Akaendelea na safari yake na karanga zake. Tulicheka mwaka mzima.

Mume wangu alipata kiwanja Nyakato, tukajenga, tukahama. Watoto, kazi, mji umepanuka, unajua tena. Nilimtembelea Mama Mwenye Nyumba mara chache, halafu sikumtembelea kabisa. Nyumbani kwangu nilijitahidi kufuata alichonifunza, siku nyingine nikaweza, siku nyingine nikapita na mswaki mdomoni nikasema liwalo na liwe.

Miaka ya tisini ilipokuwa inakaribia kuisha, nilikwenda Sengerema kwenye msiba wa mwalimu mwenzangu. Wakati wa kurudi, mchana, nikapanda kivuko pale Kamanga. Kwenye benchi la mbele nikamwona mama mfupi aliyefunga kitambaa cheusi. Nikamkaribia, nikapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Ng'wanone! Mwanangu, mwalimu wangu."

Nikakaa karibu naye. Sikuhitaji kuuliza kitambaa kile ni cha nani, alikuwa anatoka kwa shemeji yake, na huko ndiko walikomzika. Nikasema pole, nikasema sikupata habari, nikalaumu watu, nikajilaumu. Akanipigapiga mkono ninyamaze. Kivuko kikang'oa nanga, ziwa siku hiyo lilikuwa limejaa yale magugu ya kijani, injini inaunguruma kwa shida. Alisubiri mpaka kelele ilipotulia kidogo.

"Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani," alisema. "Jumamosi yake nilikuwa nimemsema. Nilimwambia mikono yake inatetemeka, ataunguza injini za watu, umri umefika apumzike. Alinyamaza tu. Unajua anavyonyamaza. Jumapili nikapika sato na karanga, nikaoga, nikavaa, nikakaa. Hakuja. Nikasema amekasirika. Chakula kikapoa. Nikasema labda amechoka, si kukasirika, amechoka na mimi, miaka imekuwa mingi, basi na yeye amefika pale nilipokuwa naogopa. Nikapandwa na hasira, mwalimu. Nikala peke yangu. Nikala samaki mzima."

"Hukwenda kumwangalia?"

"Si nilisema mwenyewe hakuna kuitana? Akiumwa nilikuwa naenda. Sikujua kwamba anaumwa." Akafuta midomo kwa ncha ya khanga. "Jioni mpangaji akagonga dirisha lake aazime bisibisi. Ndiye aliyekuja kuniita. Nilimkuta amekaa kitandani, ameegemea ukuta. Amenyoa. Amevaa lile shati. Kiatu kimoja kiko mguuni, kingine amekishika mkononi."

Sikuweza kumtazama.

"Watoto wanasema chumba ndicho kilichomuua. Wanasema tungelala pamoja ningemsikia, ningemwahi. Inawezekana. Daktari alisema moyo, ghafla, lakini daktari hakuwepo. Ningekuwa karibu ningemshika, hata kama angekufa angekufa nimemshika. Hilo ndilo linaniamsha. Nilikuwa pale, ua tu unatutenga, nimevaa, nakula samaki kwa hasira, na yeye anakufa."

"Alikuwa anakuja, Mama," nilisema. Lilinitoka tu.

"Alikuwa anakuja." Akatikisa kichwa. "Tangu wampunguze kazi nilikuwa na swali moja tu, kama bado ananitaka, au ananivumilia. Kila akigonga napata jibu, kesho nalitaka tena. Sasa nimelipata la mwisho, mwalimu, halibadiliki tena. Na mtu wa kumwambia nimelijua ni yeye, naye hayupo."

Kisha Mama Mwenye Nyumba, ambaye miaka yote ile sikuwahi kumwona akitoa chozi, alilia kwa sauti katikati ya kivuko, watu na baiskeli zao na kuku wao wakitutazama, na mimi nikamshika kwa mikono miwili nikalia naye mpaka tulipofika ng'ambo.